DHAHABU ILIYOBAKI KATIKA MARUDIO

Mtu akisimama Mingoyo, pale Mnazi Mmoja njia zinapoachana, moja ikienda Lindi mjini, moja Mtwara, na moja ikipanda bara kuelekea Mtama, Nyangao na Nanganga, huiona mali ya kusini ikipita mbele ya macho yake. Korosho zapita, ufuta wapita, mbao zapita. Dhahabu ya Ruangwa na Nachingwea nayo yapita, lakini hiyo haionekani, maana mzigo wa dhahabu utoshao kujenga nyumba huingia katika mfuko wa shati. Labda ndiyo sababu tumezoea kubishana juu ya bei ya korosho msimu mzima, na juu ya dhahabu tukaachia maneno ya bahati.

Mwezi Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31 na kidogo, ilivuka dola 4,000 za Marekani kwa mara ya kwanza. Toka 1934 hata 1971 bei hiyo ilikuwa imefungwa katika dola 35. Ni haki basi kwa mtu yeyote kuuliza: ikiwa jiwe limepanda thamani kiasi hicho, mbona ndugu zetu wanaoshuka mashimoni Namungo, na penginepo kama Namungo, bado hula kwa kukopa? Wengine hujibu kwamba wanunuzi ni walanguzi. Wengine husema kodi ni nyingi. Wako pia wanaonong'ona habari za kafara, na hao hatuna la kuwaambia. Majibu mawili ya kwanza yana ukweli ndani yake, lakini sisi twaona kwamba hayafiki penye shina. Shina liko katika jiwe lenyewe, na katika ule unga uoshwao na kutupwa pembeni ya mwalo.

Dhahabu ya machimbo haya, kama ya sehemu nyingi za nchi yetu, hukaa katika mishipa ya jiwe jeupe, gumu, liitwalo kwatsi. Mshipa huo hauendi kama ukuta ulionyooshwa kwa kamba. Hunenepa, hukonda, hukatika, tena huibuka hatua kadhaa mbele au haukuibuka kabisa. Mara nyingi unene wake hauzidi urefu wa mkono toka kiganjani hadi kiwikoni, na mtu hawezi kuchimba tundu jembamba hivyo akapita. Hupanua duara hata litoshe mwili wake na sururu yake, na kwa kupanua huko huvunja jiwe lisilo na kitu, likachanganyika na lile lenye mali. Kama mshipa una unene wa sentimita 30 na duara lina upana wa mita moja, basi katika kila viroba kumi vipandishwavyo, saba ni jasho bure. Asiyechambua mawe yake juu kabla ya kuyapeleka karashani hulipia kusagisha kokoto.

Kuna jambo jingine ambalo wachimbaji wakongwe walijua kwa uzoefu kabla ya wenye vyuo kulieleza. Karibu na uso wa nchi, hewa na mvua za miaka mingi zimeozesha madini ya chuma na kiberiti yaliyomo katika mwamba. Dhahabu iliyokuwa imefungwa humo imeachwa huru, na jiwe limekuwa jekundu kama kutu. Hiyo ndiyo dhahabu rahisi. Ukilisaga jiwe, ukalipitisha juu ya magunia penye maji, kisha ukakamatisha kwa zebaki, utapata. Lakini ukiteremka chini ya usawa wa maji, chuma na kiberiti havijaoza. Jiwe ni la kijivu lenye kumetameta, na chembe za dhahabu zimo ndani yake kama punje ndani ya gumba. Zebaki haiwezi kuigusa dhahabu isiyoiona. Hapo mchimbaji husema: mwamba umekufa. Kumbe mwamba ni ule ule, pengine una mali zaidi kuliko juu. Njia yake ya kukamata ndiyo iliyokufa.

Hebu tupige hesabu, na hesabu hii tunaitoa kwa mfano tu. Viroba 20 vya kilo 50 ni tani moja. Tuseme tani hiyo ina gramu 10 za dhahabu, ambayo ni mawe mazuri. Kwa kusaga na karasha la kawaida na kukamata kwa zebaki, wataalamu wengi waliopima kazi ya wachimbaji wadogo duniani wanakubaliana kwamba mara nyingi hupatikana chini ya nusu. Tuseme gramu 4. Gramu 6 zimekwenda na maji, zimetulia katika lile rundo la unga liitwalo marudio. Mwenye matangi ya sianidi akiyachukua marudio hayo, akayaloweka siku kadhaa, aweza kupata 5 kati ya hizo 6. Kwa bei ya dola 4,000 kwa wakia, gramu moja safi ni kama dola 128. Sasa tazama: zile gramu 4 hugawanywa baina ya mwenye leseni, mwenye duara, mwenye karasha, na wachimbaji ambao pengine ni watu wanane, wote wakiwa wamekwisha kukopa chakula na betri za kurunzi. Zile gramu 5 ni za mtu mmoja, naye hakushuka hata ngazi moja.

Hatusemi kwamba mtu huyo ni mwizi. Kujenga matangi ni gharama, sianidi ni gharama, maji na mafuta ya mashine ni gharama, na rundo laweza kumdanganya naye akala hasara. Mtu aliyeweka mtaji wake halali lazima aone faida. Tunalolisema ni kwamba katika machimbo mengi ya nchi hii marudio hubaki kwa mwenye karasha au kwa mwenye leseni kwa desturi tu, bila neno lolote kuandikwa, kana kwamba ni uchafu uliobaki baada ya kazi. Na pale yanapouzwa, huuzwa kwa lori. Mnunuzi huwa amekwisha chukua sampuli, ameipeleka maabara, anayo karatasi ya vipimo mfukoni. Muuzaji huangalia rangi ya unga. Soko ambalo upande mmoja unajua na upande wa pili unakisia si soko la haki, hata kama hakuna aliyetamka uongo.

Sisi watu wa pwani ya kusini tusingehitaji kufundishwa jambo hili, maana limo katika historia yetu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji wa fahari, na habari za dhahabu ishukayo Sofala zilimfikia. Dhahabu iliyojenga fahari ile haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za juu za nchi iitwayo leo Zimbabwe, katika mishipa ya kwatsi kama hii ya kwetu. Wachimbaji wa huko waliuchoma mwamba kwa moto, wakaumwagia maji upasuke, wakateremka hata maji ya chini ya ardhi yakawazuia. Kilwa ilishika mlango, si shimo. Na Wareno walipoijia Kilwa mwaka 1505, mwaka huo huo wakajenga ngome Sofala, kwa kuwa nao walielewa pa kukaa. Historia imetuhifadhia majina ya masultani na ya manahodha. Jina la mchimbaji hata mmoja wa mashimo yale halikutufikia.

Tukija karibu zaidi, Wajerumani walianza kuchimba Sekenke, katika Iramba, mwaka 1909, na vita vilipowabana mwaka 1916 dhahabu ya huko ilipigwa sarafu Tabora za rupia 15, zenye picha ya tembo. Dhahabu ya mchangani ya Lupa, huko Chunya, iligunduliwa 1922 ikavuta maelfu ya watu. Mgodi wa kwatsi wa Saza ulifanya kazi katika eneo hilo hilo hadi 1956. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa 1966. Watu wengi wakaamini kwamba dhahabu ya Tanganyika imekwisha. Kumbe kilichokwisha kilikuwa ni faida ya kuichimba kwa bei ya dola 35 na kwa mitambo ya siku zile. Mwaka 2000 Geita ilifunguliwa upya, safari hii kwa mashimo ya wazi na mitambo mikubwa, ikachenjua mawe ambayo wazee wetu wangeyaita takataka, kwa gramu chache tu katika tani, na ikawa mmojawapo wa migodi mikubwa ya Afrika. Anayeijua hesabu ya gramu kwa tani huona mali pale mwenziwe anapoona kifusi. Tofauti ni hiyo tu, nayo ni kubwa.

Serikali haikulala katika miaka hii. Sheria ya 1998 ilitoza mrabaha wa asilimia 3 kwa dhahabu, ya 2010 ikapandisha hadi 4, na mabadiliko ya 2017 yakafikisha 6, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 na hisa za Serikali zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Kila mtu anakumbuka kishindo cha makinikia mwaka ule wa 2017, na jinsi shauri lile lilivyoishia katika kuundwa kampuni ya Twiga, ambamo Serikali na Barrick wanagawana faida za kiuchumi nusu kwa nusu. Mwaka 2019 yakafunguliwa masoko ya madini, na mchimbaji mdogo akaondolewa kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio auzapo humo. Toka Oktoba 2024 wauzaji wa dhahabu nje wametakiwa watenge asilimia 20 kwa Benki Kuu. Haya ni mambo ya maana, na hatuna nia ya kuyapunguza.

Lakini angalia vizuri: kila moja kati ya hayo huipima dhahabu ikiwa imekwisha kuwa dhahabu. Mizani iko sokoni. Hakuna mizani kati ya duara na mwalo. Makinikia yalituudhi kwa kuwa mali ilikuwa ikiondoka ndani ya mchanga ambao sisi hatukuupima wenyewe. Sasa, marudio ya mchimbaji mdogo ni nini kama si makinikia yake? Taifa zima lilisimama kwa ajili ya makontena yale bandarini. Rundo la unga kando ya karasha halina wa kulisimamia.

Kuna watakaosema kwamba wachimbaji hawa ni watu wa kuhamahama, leo wapo Namungo, kesho wamesikia habari za Tunduru, na watu kama hao hawawezi kuwekewa utaratibu. Sisi hatukubali. Mtu huhama kwa sababu hana kinachomfunga. Angekuwa na sehemu yake katika rundo ambalo litachenjuliwa baada ya miezi miwili, angengoja. Na leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo kwa sheria ni ya Watanzania peke yao na hudumu miaka saba, yaweza kutolewa kwa kikundi au ushirika kama itolewavyo kwa mtu mmoja.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mkulima wa korosho wa Mingoyo, tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007 kwa jirani zetu wa Mtwara na kuenea kwetu, hauzi kwa macho. Korosho zake hupimwa uzito, hupangwa daraja la kwanza au la pili, huandikiwa stakabadhi, ndipo huenda mnadani. Tunajua ila za mfumo huo, kwani malipo huchelewa, makato huzua ugomvi, na vipo vyama vya msingi ambavyo viongozi wake walipaswa kutazamwa kwa jicho kali zaidi. Hata hivyo hakuna mkulima ambaye angekubali leo kurudi kwenye kangomba, auze kwa kipimo cha bakuli la mnunuzi. Basi kwa nini unga wenye dhahabu uuzwe kwa kipimo cha bodi la lori?

Twapendekeza jambo dogo. Kila rundo la marudio lipimwe kabla ya kubadili mkono. Sampuli ichukuliwe mbele ya pande zote, kwa kuchota mahali pengi pa rundo, juu, kati na chini, si kwa koleo moja. Sehemu moja ibaki kwa ofisi, nyingine ipelekwe kupimwa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma, au maabara yoyote inayotambuliwa. Karatasi ya vipimo iandikwe gramu kwa tani na tani ngapi, na ibandikwe wazi karashani. Tena mapatano kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji yaandikwe kwa Kiswahili, na ndani yake uwemo mstari mmoja unaosema marudio ni ya nani na kwa sehemu zipi. Leo mapatano mengi husema habari za viroba tu, na mengi hayasemi kitu kwa kuwa hayakuandikwa.

Kupima kwanza ni jambo ambalo Lindi ingepaswa kulikumbuka kuliko mkoa wowote. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta, wakajenga gati Mkwaya katika hori la Lindi, wakatandika reli kwenda Nachingwea, yote kwa ajili ya karanga. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa na pauni milioni 36 zimepotea, sababu mojawapo kubwa ikiwa ni kwamba kazi ilianza kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa ipasavyo. Reli ikafungwa 1962. Walikuwa na fedha, mashine na wataalamu. Hawakuwa na subira ya kupima.

Limebaki jambo la zebaki, nasi hatuwezi kulipita, maana ni uhai wa watu. Mchimbaji huchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu katika kijiko au chepeo, mara nyingi penye jiko la nyumbani, na moshi wake hauna rangi wala harufu ya kumwonya. Huingia mapafuni, hushika mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito humdhuru mtoto aliye tumboni. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo wataja kwa jina, miongoni mwa mambo ya kukomeshwa, kuloweka katika sianidi mchanga ambao zebaki yake haijaondolewa. Ndivyo hasa ifanyikavyo katika marudio ya machimbo mengi! Sianidi huiyeyusha zebaki iliyobaki, na mvua kubwa ikija, maji hayo hutafuta bonde kama maji mengine yote. Mto Mbwemkuru na mto Lukuledi hunywewa na watu wengi ambao hawajapata kuiona dhahabu.

Hapa faida ya mfukoni na usalama wa mwili vimekutana, jambo ambalo ni nadra katika kazi ya madini. Ushirika wenye matangi yake hauna haja ya zebaki: jiwe husagwa laini, dhahabu nzito hukamatwa kwa uzito wake juu ya magunia na meza, na unga uliosalia huenda moja kwa moja katika matangi yaliyosakafiwa, yaliyozungushiwa ua, chini ya mtu aliyefundishwa. Gramu 9 kati ya 10 zaweza kupatikana namna hiyo badala ya 4. STAMICO na Tume ya Madini wamekuwa wakisaidia vituo vya kuchenjulia vya mfano katika sehemu za Kanda ya Ziwa na kwingineko. Ruangwa na Nachingwea nazo zastahili chao, na wanaoketi katika mabaraza ya madiwani wa wilaya hizo wanapopitisha mikopo ya vijana ya halmashauri wangeweza kufikiri juu ya matangi, si juu ya bodaboda peke yake.

Na hatari ya mashimo yenyewe? Mwaka 2015 wachimbaji watano wa Nyangalata, Kahama, walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na ulimwengu ukastaajabu. Januari 2024 huko Bariadi watu zaidi ya 20 walifukiwa katika machimbo ambayo yalikuwa yamezuiwa kwa ajili ya mvua. Waliingia kwa sababu njaa haikuzuiwa. Mtu mwenye gramu zake katika rundo lililopimwa, aliyepewa karatasi kuthibitisha, anaweza kulala nyumbani siku ya mvua.

Masika hayangoji mtu. Marundo yaliyopo leo kando ya makarasha ya Ruangwa yatamomonyoka yakisubiri, au yatauzwa kwa haraka ili yasimomonyoke. Ofisi ya madini ya mkoa inaweza kuanza na rundo moja, la kikundi kimoja kitakachokubali, likapimwa hadharani na matokeo yakasomwa mbele ya wachimbaji wote. Gharama yake ni mifuko michache ya sampuli na nauli ya kwenda Dodoma.